Shemeji Yangu Juu ya Majimbo Mawili

Ilianzia Xintang, kusini mwa China, kwenye karakana ya jinzi. Nilikuwa nimemsindikiza rafiki yangu wa Nairobi, mfanyabiashara wa nguo, kukagua mzigo wake kabla haujafungwa. Shemeji yangu alikuja nami. Ni kaka mkubwa wa mume wangu, na ndiye ninayefanya naye kazi ya kusafirisha mizigo pale mtaa wa Sanyuanli. Mume wangu mwenyewe yuko Dar. Alinipa kaka yake kama mtu anavyokupa friji la zamani: linafanya kazi, ila kelele zake hazilali.

Mwenye karakana ni mama wa Kichina aliyevuka miaka sitini, mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kunadi mitumba. Wateja wote tunamwita laoban, yaani bosi. Kiswahili ameokota kwa wanunuzi, kwa hiyo anajua "rafiki", anajua "bei ya mwisho", na anajua matusi mawili ambayo hajui uzito wake. Siku hiyo alituonyesha ukuta ulio nyuma ya vyerehani. Ulijaa picha zake akiwa juu ya milima, kila picha na kofia ileile. Alikuwa amejiapiza kukanyaga sehemu ya juu kabisa ya kila jimbo la China kabla magoti hayajamgomea.

Shemeji akazitazama zile picha kama anachagua nyanya.

"Mwambie," akamwambia rafiki yangu, ambaye kwa Kichina alituacha mbali, "mimi Kilimanjaro nimepanda mara kumi na saba."

Nilimwangalia. Nimeolewa kwenye ukoo huo miaka kumi na miwili na sikuwahi kusikia jambo hilo. Huyu ni mtu ambaye lifti ikiharibika anafungulia ofisi kwenye ngazi za chini.

Laoban aliweka mkasi mezani. Kuanzia dakika ile shemeji alipoteza jina lake. Akawa Qilimazhaluo, ndivyo Wachina wanavyoutamka mlima wetu, na hazikupita wiki mbili mwaliko ukaja: mwisho wa juma, majimbo matatu, Guangdong, Hunan na Guangxi, kwa gari lake la siti saba. Shemeji alitafuta pa kutokea. Alitaja mzigo wa bandarini, akataja goti, mwishowe akataja swala ya Ijumaa.

"Tutaondoka baada ya swala," laoban akajibu.

Ikabidi akanunue viatu vya mlimani. Duka alilopata karibu na barabara ya Huanshi Zhonglu lilikuwa la jumla. Pea moja? "Meiyou," wakamwambia, hakuna, kuanzia sita. Akarudi na pea sita, zote namba yake.

Tulikuwa wanne garini: laoban kwenye usukani, shemeji pembeni yake kama mgeni rasmi, mimi na rafiki yangu nyuma na chapati tulizonunua mtaa wa Xiaobei. Laoban alikuwa na mfuko wa miguu ya kuku ya kutafuna. Njia nzima alimhoji shemeji juu ya Kilimanjaro, na rafiki yangu akatafsiri. Hali ya hewa? Wanakula nini? Mtu akiugua kichwa? Shemeji alijibu yote bila kusita. Hata mambo ya maji ya kuchemsha na upande wa kufungulia hema alijua. Nikaanza kuona aibu kwa kumdhania muongo.

"Na ukifika juu," laoban akauliza, "unaona nini?"

Shemeji akawa ghafla anataka chapati.

Kilele cha Guangdong tulikianza Jumamosi asubuhi. Mlima wenyewe uko mpakani, upande wa pili ni Hunan. Ukungu ulikuwa mzito, na njia ilikuwa ya ngazi za mawe, ngazi ambazo aliyezijenga bila shaka alikuwa na ugomvi na binadamu. Laoban alitangulia kwa raba za kitambaa, akipiga soga na watu asiowajua. Mimi baada ya nusu saa nilikuwa nadai talaka. Rafiki yangu alikaa kwenye jiwe akasema yeye Mungu wake anamsikia hata akiwa chini.

Aliyetushangaza ni shemeji. Alichukua begi langu, akachukua la rafiki yangu, akachukua na la laoban lenye chupa mbili za chai. Akayafunga kwa kamba, fundo moja baya kwa sura ila halikuteleza hata kidogo, akayapandisha mgongoni na kuanza kutembea polepole, bila kusimama, bila kuhema.

"Buda, kumbe wewe ni kitu!" rafiki yangu akamwambia.

Yeye akakaza kamba tu, akaendelea kupanda. Na mtu huyu akiacha sifa zimpite, ujue kuna jambo.

Tulipofika kwenye kibanda cha mwisho, ambapo bango lilionyesha zimebaki mita chache, alitua mizigo. Akaipanga ukutani, akaifunika na koti lake isilowe, akakaa kando yake.

"Nyie nendeni," akasema. "Mimi nalinda mizigo."

"Mizigo aibe nani? Chapati?" rafiki yangu akacheka, akaendelea kupanda. Mimi nilibaki, kwanza kwa sababu nilikuwa sina pumzi.

"Shemeji, unaumwa?"

"Siumwi, shem."

"Basi twende."

Alitazama viatu vyake vipya. "Kule mimi nilikuwa mpagazi," akasema. "Kabla sijaingia biashara. Mara kumi na saba kweli, sijadanganya. Lakini mpagazi haendi kileleni. Unabeba mpaka kambi ya mwisho, wageni wanaendelea na waongozaji, wewe unabaki na mahema na masufuria. Wakirudi wanalia, wanakumbatiana, unawapa uji. Sijawahi kuona kule juu kukoje." Akajaribu kucheka. "Nimefika hapa, miguu imekaa yenyewe."

Nikakaa kando yake. Mara laoban akatokea kwenye ukungu akishuka kutufuata, rafiki yangu nyuma yake.

"Qilimazhaluo! Nini?"

Shemeji akaniashiria ninyamaze, halafu akaghairi. "Mwambie," akamwambia rafiki yangu, safari hii kwa sauti ndogo, na akarudia yote. Rafiki yangu alitafsiri bila kuongeza utani hata mmoja, jambo ambalo sijaliona tena tangu hapo.

Laoban alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, akavuta yale mabegi matatu, akajitwika. Alikuwa kama kuku aliyebeba kabati. Akakaa pale pale alipokuwa amekaa shemeji, akamwelekeza ngazi kwa kidole, na kwa Kiswahili chake akasema:

"Wewe juu. Mimi hapa. Bei ya mwisho."

Shemeji akaenda. Mimi na rafiki yangu tulimfuata, nami nimebeba koti lake. Kileleni palikuwa na jiwe lenye maandishi mekundu, ukungu mweupe kila upande, na familia moja inakula tambi za kikombe. Shemeji alizunguka jiwe mara mbili.

"Ndiyo hapa?"

"Ndiyo hapa."

"Hakuna kitu!" Alikuwa amekasirika kweli. "Yaani Wazungu walikuwa wananililia kwa ajili ya hiki?"

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika jiwe, na machozi yakamtoka, na wale wa tambi wakampa kikombe kimoja wakidhani ana njaa. Alikula ukungu na tambi vyote pamoja. Alipomaliza akanyoosha mguu mmoja upande wa Hunan na kutangaza kuwa amemaliza majimbo mawili. Rafiki yangu alikataa katakata: kilele cha Hunan kiko kwingine, mguu mmoja hauhesabiki. Walibishana mpaka chini.

Jumapili, Guangxi, tulijiandaa kwa mateso. Kumbe gari linakupeleka karibu na juu kabisa. Tuliposhuka tulikuta mabibi waliovaa kandambili wanakula mahindi. Shemeji, na viatu vyake vya kupandia barafu, aliwapita mbio. Jua lilikuwa limetoka, na juu pale milima ilikuwa imelala safu kwa safu mpaka macho yanachoka. Alisimama muda mrefu, akihesabu safu kwa kidole. Laoban alipiga picha, naye alikataa kutabasamu.

Hunan hatukufika, mvua ilitufukuza njiani, na Jumatatu kulikuwa na kontena la kupakia. Shemeji na laoban walirudi mwezi uliofuata peke yao, bila mkalimani, yeye na Kichina chake cha sokoni, laoban na matusi yake mawili. Walitualika. Rafiki yangu alisema ana kanisa. Mimi nilisema ukweli, kwamba sitaki, nikashinda kitandani nakula miguu ya kuku.