Daraja Tulilolipima Bila Kuonana

Kijito chenyewe hakikuwa kikubwa. Wakati wa kiangazi mtu mzima alikivuka kwa kuruka mara mbili, akikanyaga jiwe moja la katikati. Lakini kilishuka kutoka vilima vya Tarime kwenda kuingia Mto Mori, na masika yakianza kilipanda mpaka kwenye majani ya ukingo. Lori lililobeba kahawa au mahindi lilisimama hapo siku mbili, wakati mwingine tatu. Kwa hiyo miaka ile ya hamsini, barabara ya kushukia upande wa ziwa ilipotengenezwa, mimi nyapara wa vibarua kumi na wanne niliamriwa kuweka kalavati mahali pale, yaani mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara.

Kazi hiyo sikuisomea. Nilikuwa nimemaliza darasa la nne, kisha nikafanya kazi kwa seremala mmoja aliyenifundisha kutumia pima maji na kamba. Mengine niliyapata kwa kupima kazi za wenzangu. Kila nilipopita kwenye kalavati la mtu mwingine nilishuka chini, nikapima urefu, upana na mteremko, nikaandika kwenye daftari. Wakati huo nilikuwa na madaftari matatu, na nilichokuwa nimejifunza ni kwamba makalavati mengi hufa kwa kuziba. Tope huingia, majani hushika, maji hupanda juu na kuichukua barabara.

Nikaamua langu halitaziba. Nililaza mabomba mawili ya zege juu ya mawe, juu kuliko sakafu ya kijito, nikayapa mteremko mzuri ili maji yajifagie yenyewe. Upande wa chini maji yalitoka kwa nguvu na kuanguka kutoka kimo cha goti. Niliipenda sauti yake. Nilikaa ukingoni nikala viazi vyangu nikiisikiliza.

Mimi ni mtu wa milimani, wa ng'ombe na ulezi. Samaki niliwajua wakiwa wamekwisha kukauka. Watu wa bondeni walijua jambo ambalo mimi sikulijua: kila mvua zikianza, samaki waitwao ningu huacha ziwa, wakapanda Mto Mori, kisha wakaingia vijito vidogo kwenda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Siku ya tatu ya masika niliwakuta wanawake wa nyumba za chini ya barabara wamejaa kwenye shimo lililo chini ya mabomba yangu. Samaki walikuwa wamesongamana humo, wakiruka, wakigonga zege, wakirudi chini. Wanawake waliwachota kwa vikapu kama mtu anavyochota mtama.

"Shemeji nyapara!" mmoja akapiga kelele. Waliniita shemeji kwa sababu mke wangu ni wa bonde lile. "Njoo tukuone! Umetujengea mtego wa serikali!"

"Mwaka kesho utuwekee na moto, tuwachome hapa hapa!" akasema mwenzake.

Wakacheka, nami nikacheka. Siku hiyo niliandika kwenye daftari: kalavati halikuziba, wananchi wameridhika. Yote mawili yalikuwa kweli.

Mke wangu alizaliwa kwenye kijito kile kile, lakini kwao ni juu ya barabara, mwendo wa saa moja. Kila masika alikwenda kumsaidia mama yake kutega, kupasua na kukausha samaki. Mwezi huo ghala huwa linakwanguliwa, na nyumba nzima ilikula ningu wakavu mpaka mtama ulipoiva. Mwaka ule alikwenda, na siku ya nne akarudi. Kikapu hakikuwa kichwani, kilikuwa kinaning'inia mkononi.

"Umeleta nini?" nikauliza.

"Salamu," akasema. "Mama anakusalimu sana. Anauliza samaki wamekukosea nini."

Sikuelewa. Akaketi, akanieleza taratibu kama mtu anayemweleza mgeni. Walitega siku nne wakapata vyura wawili. Hapakuwa na ningu hata mmoja aliyepita barabara.

"Wenzetu wa chini wananenepa na kukuimbia," akasema. "Kwetu watu wanane wanakula mboga ya kunde. Mtama unaiva lini, wewe mwenye daftari?"

Nilihesabu. Miezi miwili na nusu. Mwaka ule tulitoa debe moja la mahindi yetu, nikalipeleka kwao mimi mwenyewe, maana makosa yangu siwezi kumbebesha mke.

Sasa, katika desturi hii watu wa bondeni na watu wa milimani hatutofautiani: mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani, hawapeani mkono, na wakikutana njiani mmoja huingia porini. Nilikuwa nimeoa miaka sita na sura ya mama mkwe sikuijua. Nilipofika na debe langu, nilisikia kikohozi nyuma ya ghala, nikajua yuko huko. Nikasimama upande wa pili. Kati yetu palikuwa na ghala na ndama aliyefungwa kambani.

Mtu akiwa na neno la kumwambia mkwe, humwambia kitu kingine. Basi nilimwamkia ndama.

"Shikamoo."

"Marahaba," ikajibu sauti nyuma ya ghala. "Ndama, nikikuwekea kizingiti kinachokufika shingoni, utaingia zizini?"

Ndama alikuwa analamba goti langu.

"Hataingia," nikasema. "Lakini, ndama, mwambie mama kwamba niliyainua mabomba ili tope lisizibe."

"Ndama, mwambie huyo mtu wa madaftari kwamba tope ni la mto. Mto unajua pa kulipeleka, mradi usikabwe koo."

"Ndama, uliza: nikiyashusha mabomba mpaka chini kabisa, samaki watapita?"

Nilisikia ungo ukipepeta.

"Watapita wangapi? Ningu hapandi katikati ya maji, ndama. Katikati kuna nguvu. Anapanda pembeni, kwenye majani, anapumzika, anapanda tena. Ndani ya bomba, pembeni ni wapi?"

Nilitoa daftari nikaandika swali lile.

"Na kobe je? Na kenge? Walikuwa wanafuata ukingo. Siku hizi wanapanda barabarani. Juzi lori limemkanyaga kobe, akapasuka kama chungu. Na lile shimo, ndama, maji yanaendelea kulichimba. Mwaka kesho litaimeza barabara yenyewe."

Basi palihitajika daraja, tena daraja ambalo mto ungepita chini yake bila kujua kwamba limejengwa. Niliuliza, kwa njia ya ndama, upana uwe kiasi gani. Nikasikia mama akicheka kwa mara ya kwanza.

"Upana hausemeki kwa ndama. Nitausema kwa mawe."

Asubuhi moja baada ya siku chache nilikuta mawe mapya kwenye kingo za kijito, yamepakwa majivu ili nisiyachanganye na mengine. Mawe mawili yalionyesha maji yalipofika masika ya kawaida. Mawili yalionyesha yalipofika mwaka ambao yeye aliyaona makubwa kuliko yote. Na hatua mbili nje ya hayo, kila upande, aliweka jiwe moja kubwa. Mke wangu alinieleza kwamba hapo ndipo ukuta uanze. Zile hatua mbili ni njia ya kobe. Mama alikwenda asubuhi, mimi nikaenda alasiri. Nilifunga kamba jiwe kwa jiwe, nikapima: futi kumi na tisa. Kwa kijito cha kuruka mara mbili.

Wakati huohuo nilikuwa napima lile shimo kila Jumamosi kwa fimbo niliyoitia alama. Lilitoka gotini likafika kifuani, na mawe ya chini ya mabomba yakaanza kuning'inia. Masika yalipokwisha, bwana wa barabara akaja kukagua. Alikuwa Mzungu wa maneno machache, na hayo machache aliyasema kwa Kiswahili chake mwenyewe.

"Nyapara, hii shimo nani nachimba?"

"Maji, bwana."

Nikampa daftari. Nilimwambia nina sababu tatu za kuomba kuvunja kazi yangu. Kwanza, shimo litaangusha barabara mvua zijazo. Pili, mabomba yale yanahitajika kwenye korongo kavu la mbele, ambapo malori hukwama na hakuna kiumbe anayepanda. Tatu, samaki.

"Samaki?"

"Ndiyo, bwana. Ni sababu ya tatu."

Alitembea ukingoni akayatazama mawe yenye majivu.

"Hii mawe nani naweka?"

"Mtaalamu wa kijito hiki, bwana."

"Iko wapi yeye?"

"Hawezi kuja nikiwa hapa."

Alinirudishia daftari.

"Mimi hapana toa simenti," akasema.

"Sihitaji simenti, bwana. Mawe yapo, na magogo yapo."

"Basi, jenga."

Tuliyang'oa mabomba, kisha tukajenga kiangazi kile, mwezi wa saba na wa nane. Kuta mbili za mawe tulizisimamisha nchi kavu, nyuma ya yale mawe makubwa, na sakafu ya kijito hatukuigusa kabisa. Vibarua walinicheka bila kujificha.

"Nyapara, hili daraja ni la kijito au la ziwa?" mmoja akauliza, na mwenzake akaenda kukojoa ng'ambo kisha akasema amesafiri.

Magogo yalipofika, ukuta wa pili ukiwa bado haujaanza, yalikuwa mafupi kwa futi moja. Nakiri kwamba nilisogeza jiwe moja ndani kidogo. Futi moja ni kitu gani? Asubuhi yake nilikuta jiwe limerudi mahali pake, na juu yake limewekwa jiwe la pili. Nikawaambia vibarua tupande tena mlimani kutafuta magogo marefu. Hawakucheka siku hiyo.

Tulilaza magogo manane, tukayafunga, tukaweka fito na udongo juu. Lori la kwanza lilipita na mahindi, dereva akiwa ametoa kichwa nje kusikiliza kama kuna kinachovunjika. Hakikuvunjika kitu. Lakini jambo nililolingojea halikuwa lori. Kwetu sisi wawili, mimi na mama mkwe, daraja lingehesabiwa kuwa daraja siku ningu watakapofika kwake.

Vuli ilianza kwa mvua ya siku mbili. Siku ya tatu nilishuka mapema. Wanawake wa chini walikuwepo na vikapu vyao, lakini shimo lilikuwa limejaa changarawe, na maji yalipita tu bila kuanguka popote.

"Shemeji, mtego wetu umeupeleka wapi?"

"Ameuhamishia kwa mama mkwe!"

"Tegeni kama mama zenu walivyotega," nikawaambia.

"Tutatega. Lakini ule wimbo wako tumeufuta!"

Walikwenda kutega kwenye majani huku chini, na baadaye nilisikia kwa kelele zao kwamba hawakukosa. Mimi niliacha viatu ukingoni, nikakunja suruali, nikaingia majini chini ya daraja, kwa sababu kutoka juu maji yalikuwa mekundu na sikuona kitu. Nilisimama pale pembeni, maji yakinifika mapajani. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha kitu kikanigonga kwenye muundi, kikapumzika nyuma ya mguu wangu, kikaendelea. Kikaja kingine. Halafu wakaja wengi kiasi kwamba nililazimika kushika gogo ili nisianguke.

Nilikuwa karibu kutoka nikamwite mke wangu, aliyekuwa na kikapu hatua kama hamsini upande wa juu wa kijito, niliposikia kile kikohozi. Mama mkwe alikuwa anakuja kwa barabara. Sikuwa na pori la kuingilia. Nikabaki majini, nikajibana chini ya magogo. Nyayo zake zikapanda darajani, zikasimama juu yangu kabisa, na udongo kidogo ukamwagika kwenye kofia yangu.

"Wanafika?" akauliza kwa sauti.

"Wanafika, mama! Kikapu kimejaa!" mke wangu akajibu kutoka juu.

Nadhani mama alikuwa akitazama maji ya pembeni, kwa maana wakati huo ningu walikuwa wakipita katikati ya miguu yangu bila kunijali.

"Lete kingine, basi," akasema. "Nami nitasimama hapa hapa nitazame. Aliye ndani ya maji avumilie."

Nilivumilia mpaka kikapu cha tatu.