Jino Lililoacha Kuuma

Mbegu za ndulele zikiungua hutoa moshi mchungu unaokaba koo na kung'ang'ania kwenye nywele hata baada ya kuoga. Nikiukumbuka msimu ule, harufu hiyo ndiyo hunijia kwanza. Mvua zilikuwa zikielekea ukingoni, nasi tulikuwa wageni katika kijiji kipya cha ujamaa juu huku Ufipa, mwendo wa kutwa kwa mkokoteni wa ng'ombe kutoka Sumbawanga mjini. Nyumba zilipangwa mstari, matope ya kuta hayajakauka sawasawa, na upepo wetu usio na adabu uliingia bila hodi. Watu wazima walikuwa wamechoka. Asubuhi shamba la kijiji, jioni shamba la nyumbani, na kote huko kazi ni moja: kukusanya nyasi na kuzifukia kwa udongo ziwe matuta ya mviringo, zioze zirutubishe ardhi. Mama alikuwa hodari wa kazi hiyo, na alijua kwamba ni hodari.

Jino lake moja la nyuma lilikuwa limetoboka. Mwanzoni lilimshtua akinywa maji ya baridi, kisha uji wa moto nao ukawa adui. Baadaye likaanza kupwita kila akilala, tukawa tunamkuta alfajiri ameketi jikoni, shavu kwenye kiganja. Hakuna aliyetaja hospitali. Kwetu jino liliuma kwa sababu moja tu, mdudu, na mdudu alikuwa kazi ya Shangazi, dada mkubwa wa Baba. Shangazi alipasha jembe motoni mpaka likawa jekundu, akamwagia mbegu za ndulele zilizopakwa samli, akafunika kwa kibuyu chenye tundu, akachomeka tete. Mama akavuta moshi, machozi yakimtiririka, kisha akatema kwenye bakuli la maji. Vikaelea vitu vidogo vyeupe. "Haya, mwoneni huyo!" Shangazi alisema, nasi watoto tukasukumana kuchungulia. Leo najua vilikuwa viini vya mbegu zenyewe, vilivyopasuliwa na joto vikapanda na moshi kwenye tete. Siku chache baadaye maumivu yalikoma kabisa, na Shangazi akasifiwa kijiji kizima. Kumbe kilichokufa ni jino, na uozo ulikuwa umeanza safari ya kushuka mfupani.

Ufizi ukaota kijipu kidogo kama punje ya ulezi. Kilipasuka, kikajaa tena, na Mama akawa anatematema, akilalamika kwamba mdomo una ladha mbaya. Akasukutua kwa maji ya chumvi. Kisha shavu likavimba, uvimbe ukashuka chini ya taya, mgumu na wa moto. Alijifunga kanga kichwani na kwenda shambani, maana zama zile aliyebaki nyumbani wenzake wakilima aliitwa kupe, na Mama angekubali kufa kuliko kuitwa hivyo. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mpole, alimwambia, "Mama, nenda kapumzike, hakuna atakayekusema." Mama akamjibu, "Ni jino tu, baba, tena limeshaacha kuuma." Sentensi hiyo naichukia hadi leo.

Halafu mdomo ukakataa kufunguka. Kidole kimoja hakikupita kati ya meno. Ugali ukamshinda, akachukua mrija wa kunywea kimpumu, pombe yetu ya ulezi, akawa anavuta uji nao. Majirani walimtania: "Mwenzetu umeanza asubuhi asubuhi!" Alicheka kwa macho tu. Alipoanza kushindwa hata kumeza mate, yakimchuruzika kwenye kanga huku mwili ukitetemeka kwa homa, ndipo Baba aliposema aende mjini. Shangazi akamsihi: "Mdogo wangu, amebaki mdudu mmoja. Nipe asubuhi hii tu." Baba akampa. Jembe likapashwa, mbegu zikachomwa, lakini Mama hakuweza kushika tete kwa midomo. Jua lilikuwa limeshapanda tulipomfungia Baba ng'ombe kwenye mkokoteni.

Njia nzima Mama aliketi wima. Akijaribu kulala pumzi ilimkatika, kwa hiyo nilikaa nyuma yake nimuegemeze, mgongo wake ukiniunguza kifuani. Hospitalini daktari hakulitazama jino hata kidogo. Aliitazama shingo, akauliza, "Liliacha kuuma lini?" Baba alijibu kwa furaha kidogo, kama anayetoa habari njema, kwamba lilikuwa limekoma siku nyingi. Daktari akaitisha kisu. Walimpasua chini ya taya usaha utoke, lakini uvimbe ulikuwa umeshabana njia ya hewa. Kesho yake mchana Mama akafariki.

Matanga hayakwisha bila fitina. "Nani hufa kwa jino?" watu waliulizana, na macho yakamgeukia Shangazi. Alihamia Kabwe, ziwani, na hatukumwona tena. Mimi, mtoto wa kwanza, nikalea wadogo zangu. Uchovu nilioanza nao msimu ule sijawahi kuumaliza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tuliupaka chokaa tukapiga vigelegele.

Siku hizi naishi Chanji, hapa Sumbawanga mjini, hospitali ni mwendo wa bodaboda. Hata hivyo juzi tu jirani yangu, binti msomi, alinipitia na shavu limemvimba. "Shikamoo bibi. Jino lilinisumbua, lakini sasa limetulia." Nimechoka kulisema, nikalisema tena: jino bovu likinyamaza bila kutibiwa halijapona, ukiona kijipu kwenye ufizi au shavu linajaa, nenda kwa daktari, mdomo ukikaza au mate yakigoma kumezwa, usingoje hata chai. Akaahidi kwenda wiki ijayo. Nikamshika mkono, tukaondoka siku ileile.

Wajukuu wananiita kibogoyo. Madaktari wameyang'oa meno yangu mabovu moja baada ya jingine, na umri wa Mama nimeshaupita zamani. Mama tulimzika na meno yake yote mdomoni, meupe, yamepangana vizuri, pamoja na lile.