Macho Yanaendeleaje

Msimu ule wa mvua nilikuwa nikiota milango. Naingia mmoja, nakuta mwingine, na nyuma ya kila mlango kuna mtu amekaa kimya anasubiri nimuulize kitu. Niliamka na uchovu mtamu, kama mtu aliyetembea usiku kucha bila kuumia miguu.

Kazi ndiyo iliyoniletea ndoto hizo. Kliniki moja ya macho, mtaa wa Asiatique, iliniomba niitengenezee dodoso la mtandaoni. Daktari wa upasuaji alikuwa anakuja kutoka nje kwa muda mfupi, na wagonjwa walikuwa wengi kuliko nafasi zake. Basi ikaamuliwa wajibu maswali kwenye simu, na majibu yaamue nani aitwe kwanza.

Dodoso la namna hii halimuulizi kila mtu maswali yote. Kila jibu unalifungia sharti: akisema hivi, mpeleke swali lile, akisema vile, mrushe mbele. Mimi nimekulia mtaa wa Jabe, katika uwanja mmoja wenye milango ya familia kadhaa, kwa hiyo masharti yale niliyaona kama milango. Nilikaa dirishani mchana kutwa, mvua ikitoka milima ya Kongo na kuvuka ziwa taratibu, huku nikiwapitisha watu wa kuwaza tu. Bibi huyu anaona ukungu, apite huku. Fundi yule jicho moja linamuuma, apite kule. Chai ilipoa mezani sikuikumbuka. Nilijipenda sana siku zile, niseme ukweli.

Swali la kwanza nililiandika hivi: "Macho yako yanaendeleaje?" Aliyejibu "Vizuri" alipelekwa ukurasa wa mwisho, akashukuriwa na kuagwa. Aliyejibu "Vibaya" aliingia ndani, kwenye maswali yenyewe. Niliona ni haki kabisa, maana mwenye macho mazima ya nini kumchosha?

Dodoso lilipofunguliwa, sekretere wa kliniki akanipigia simu.

"Dada, hii mashini yako imeponyesha muji muzima," akasema. "Karibu watu wote wako muzuri. Sasa docta anakuja kutibu nani?"

Nilipandwa na hasira, nami hasira zangu haziko mbali. Nikayapitia masharti yote upya, moja baada ya jingine, na hakuna hata moja lililokosewa. Nikafunga kompyuta kwa kishindo, nikaikwapua, nikaenda nayo Jabe kwa mama.

Mama naye alikuwa mmoja wa wagonjwa wale. Tulijua ana mtoto wa jicho, ila hatukujua ugonjwa umefika wapi, maana kila tukimuuliza alikuwa muzuri. Daktari huyo akiondoka hatukujua mwingine angekuja lini, na mama asingeweza kungoja sana. Sikutaka kumpitisha kwa upendeleo. Nilitaka ajibu kama wengine, tena nione kwa macho yangu watu wanakwama wapi.

Nilimkuta mkekani uwanjani akifuta sufuria. Mvua ilikuwa imekatika, jua la jioni limeshuka hadi kwenye ndoo na malapa. Nikakaa kando yake, nikamsomea kwenye simu.

"Mama, macho yako yanaendeleaje?"

"Muzuri, alhamdulilahi," akajibu. Kisha akauinua uso kidogo, anangoja.

Simu ikaandika asante na kwa heri. Nikamsomea na hilo, kwa kukosa la kufanya.

"Ee! Anaaga?" mama akashangaa. "Hata kukaa hajakaa! Ni mutu gani huyo, anauliza hali na kukimbia?"

Hapo nikaelewa, nikacheka peke yangu. Kwetu mtu akiulizwa hali hujibu nzuri, hata kama amelazwa na sindano iko mkononi. Hiyo ni salamu. Unauliza nyumbani, unauliza watoto, unauliza kazi, vyote ni vizuri, na mazungumzo yakishapata joto ndipo inapokuja "ila". Ugonjwa wetu unakaa nyuma ya hiyo "ila". Mimi nilijua hivyo tangu utotoni, halafu sharti langu nikaliweka kizingitini.

Nikafungua kompyuta palepale mkekani. Nikatanguliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, kisha za macho, na yote hayo sikuyafungia sharti lolote. Ujibu nzuri, ujibu mbaya, unapita. Sharti nikalisogeza ndani, kwenye swali jipya kabisa. Kisha nikamsomea mama tena tangu mwanzo, sauti yangu imetulia, kama mgeni aliyekuja kushinda. Nyumbani muzuri. Watoto muzuri. Kazi muzuri. Macho muzuri.

"Unapomimina chai, unajuaje kikombe kimejaa?"

Mkono wake ukasimama juu ya sufuria.

"Ninasikiliza," akasema polepole. "Sauti inapanda. Kama kuna kelele, natia kidole."

Niliingiwa na hofu. Kila Ijumaa nilikunywa chai ile, na kila alipomimina alitunyamazisha wote, nasi tukamtania kwamba chai yake inataka heshima.

Kwa jibu hilo mlango ulifunguka, na mama akaingia kati ya watakaoitwa kwanza. Nilifurahi, na hofu bado imenikaa kifuani. Likabaki swali moja la kuandika kwa maneno yako mwenyewe: kitu gani ulikiona vizuri mara ya mwisho?

"Andika mutoto wangu," akasema bila kufikiri. "Ile Idi, we ulivaa kitambaa ya njano, ya maua kidogo-kidogo. Ulisimama hapo kwa mulango. Mi nilikuona vizuri kabisa." Akatabasamu kuelekea mlangoni. "Ile kitambaa ulipeleka wapi? Siku hizi siioni."

Nililia bila kutoa sauti, maana angesikia. Niliandika kama alivyosema, nikabonyeza mwisho. Kitambaa kile kilichakaa zamani, nikakichana vipande vya kufutia vyombo. Kimoja kilikuwa mkononi mwake, akiendelea kufuta sufuria, na maua yake madogo bado yalionekana.