Gundi ya arusi kwenye gari ya baba mukwe

Juzi nilienda Lweba kujitambulisha kwa baba wa Riziki, mchumba wangu. Uani nilikuta gari nyeupe, kapo yake, kile kifuniko cha injini, imejaa gundi ya skochi, utepe wa kunata uliokuwa umeshikilia maua ya arusi. Nikajisemea: nikiisafisha, muzee atanipenda. Nikachukua waya wa kusugulia sufuria, nikasugua kwa nguvu zote. Gundi ikatoka. Rangi nayo ikatoka, chuma kikabaki wazi!

Riziki alitoka ndani, akashika kichwa. "We! Si ungepaka mafuta kidogo, ungoje, kisha upanguse na kitambaa laini?"

Hapo baba yake akatokea.

"Gari ya watu! Nimeiazima tu! Riziki, unamujua huyu muntu?"

Riziki akanitazama, waya ungali mukononi mwangu.

"Hapana, papa. Simujui."