Bi Makisio na Ushuru wa Moshi

Ofisini walimwita Bi Makisio, na jina lilimkaa. Ukimuuliza atafika saa ngapi, alikujibu, "Kati ya saa tatu na saa tatu na nusu," na kweli alifika humo humo. Alikuwa mchumi wa manispaa, mwenye kicheko kinachosikika hadi ghorofa ya chini, na kazi yake ilikuwa kupigia hesabu mambo ambayo hayajatokea. Kazi ya ajabu, lakini aliipenda kufa.

Mwaka ule manispaa ilitaka kutoza ushuru wa moshi, ili matanuri ya kuni yapungue na sisi sote tuache kuichemsha hii dunia. Waokaji wakaja juu. Mkate utapanda bei maradufu, walisema. Bi Makisio akapewa kazi ya kukisia gharama yenyewe hasa. Kilichomkosesha raha ni kwamba miongoni mwa waokaji hao alikuwamo dada yake wa tumbo moja, aliyemsomesha kwa tanuri lile lile la kuni.

"Mdogo wangu, niambie ukweli," dada alimuuliza. "Ninunue tanuri la umeme, au nifunge duka?"

"Dada, mkate utapanda kati ya kidogo sana na nusu ya bei."

"Kati ya kidogo sana na nusu! Hata mpiga ramli angeninyooshea jibu kuliko wewe."

Maneno hayo yalimchoma. Akarudi ofisini akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya pale. Miaka ya nyuma manispaa ilikuwa imepiga marufuku mashine za dizeli za kusaga unga. Akaipa modeli yake ya kompyuta yale tu yaliyojulikana kabla ya marufuku, akaiambia ikisie bei ya unga. Modeli ikasema unga utapanda kwa theluthi. Kumbe unga ulipanda kiduchu tu, na watu walishasahau.

Bi Makisio akashika tama. Halafu akaangua kicheko. Ndani ya modeli yake wasagaji walikuwa wamesimama kama magunia, wanalipa na kunung'unika. Wasagaji wa kweli walichangiana kununua mashine za umeme, wakasaga saa ambazo umeme ni nafuu, wakaacha kuwalipa mafundi wa dizeli. Alikuwa amesahau kwamba watu wana akili!

Akaitengeneza upya modeli. Safari hii ikasema mkate hautapanda zaidi ya sehemu moja ya kumi. Lakini kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti akaweka kosa la unga, waziwazi.

"Unataka kujivua nguo mbele ya madiwani?" mkurugenzi wake alishtuka.

"Bosi, nikijifanya sijawahi kukosea, nani ataniamini?"

Kwenye kikao, mwenyekiti wa waokaji alisimama kifua mbele. "Yaani umekosea mwenyewe, halafu unataka tukuamini?"

"Ndiyo, mzee wangu. Nimekosea hapa, kwa sababu hii, na nimeparekebisha hivi. Na wewe, hiyo bei maradufu umeitoa wapi?"

Mwenyekiti akarudi kitini. Ukumbi mzima ukacheka, na mwishowe naye akacheka. Ushuru ukapita.

Dada akanunua tanuri la umeme, nusu yake na nusu ya jirani, kwa kuamini neno la mdogo wake. Hapo ndipo usingizi ulipomruka Bi Makisio. Makisio hayakuwa tena ya karatasi. Yalikuwa riziki ya dada.

Mwezi mmoja baada ya ushuru kuanza, alikwenda dukani asubuhi, roho mkononi. Akakuta foleni imefika barabarani. Alitazama ubao wa bei: mkate umepanda, lakini ndani ya kiasi alichosema, tena upande wa chini. Jamani, furaha aliyoisikia!

"Mama, mikate inatoka saa ngapi?" mteja mmoja alipaza sauti.

Dada, unga umemfika viwikoni, wala hakuwa amemwona mdogo wake, akajibu kutoka ndani, "Kati ya saa moja na nusu na saa mbili! Nikikosea, nitakwambia nimekosea wapi!"

Bi Makisio alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akapanga foleni kama wengine. Mikate ilitoka saa mbili kasoro dakika tano.