Kamba kwenye Migomba ya Embiire

Harufu ya jani la mgomba linapopata moto hainidanganyi hata leo. Likiwa bichi halina harufu ya maana. Ni pale linapopitishwa juu ya miali, likalainika na kuwa kijani cha giza, ndipo linapotoa ule utamu wenye moshi ndani yake, na mimi, mwanamke mzima mwenye miwani inayoning'inia shingoni, naondoka hapa jikoni kwangu Kaagya bila kuaga mtu. Nafika Rubya. Nafika katika jiko la Bibi, mama yake baba, asubuhi ya likizo ya Desemba, nikiwa darasa la nne. Sakafu imetandikwa nyasi zinazokwaruza visigino, mvua imepita, paa bado linadondosha, na nje kibanja kimetulia kama mtu aliyeshiba. Kibanja kwetu ndilo shamba la nyumbani: migomba imeizunguka nyumba kiasi kwamba mgeni husikia watu wakiongea kabla hajauona ukuta, mibuni imejificha chini ya migomba, maharage chini ya mibuni, na pembeni, mahali penye kivuli kizuri kuliko pote, kuna kaburi la Babu.

Likizo ile nilikwenda Rubya na hofu ambayo sikuwa na wa kumwambia. Nyumbani kwetu, Bukoba mjini, nilikuwa nimemsikia baba akimweleza mama kwamba Baba Mkubwa, kaka yake, angekwenda kumwangalia Bibi kabla ya Krismasi, na akimkuta hajiwezi tena, angemchukua moja kwa moja akaishi naye Buhembe. Kule kuna umeme, kuna bomba, kuna watu wa kumtunza. Maneno ya busara kabisa, nani angeyapinga? Niliyapinga mimi, kimyakimya, nikiwa nimejifunika blanketi. Niliona Bibi akiondoka na kila kitu kikiondoka naye: moshi, nyasi za sakafuni, panzi wa kuliwa tuwaitao senene, hata mvua yenyewe. Kwa akili yangu ya kitoto, uzee ulikuwa kitu cha kufichwa, kama gauni lililochanika ambalo ukikaa vizuri halionekani.

Na Bibi alijua kukaa vizuri. Alikuwa mrefu, mweusi, mwenye shingo ya maringo, na ulimi wake ulikuwa mkali hata kuku walimwogopa. Nilipofika tu nilianza kuona vitu ambavyo mwaka uliotangulia havikuwepo. Sindano alinipa mimi nitunge uzi, akisema macho yangu bado ni ya asubuhi. Akimimina chai alitumbukiza ncha ya kidole ndani ya kikombe, na chai ikikigusa aliacha kumimina, halafu akakinyonya kidole kama mtu anayeonja sukari. Mtu akipita njiani, Bibi alikohoa kwanza, akasubiri aitikiwe, ndipo amwite kwa jina kwa sauti kubwa ya mtu aliyemwona tangu mbali. Misa ya kwanza aliacha kwenda, akasingizia magoti. Mimi nilimwona akipanda mteremko wa kisimani kama mbuzi, kwa hiyo nikajua kwamba si magoti, ni ngazi za kanisa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sisi wawili tuliyaficha kwa ushirikiano mkubwa bila kuulizana. Nilianza kukohoa kabla yake, nikitaja majina ya wapita njia kana kwamba najisemea.

Kibanjani, hata hivyo, hakuhitaji msaada wangu. Humo alitembea kama mtu anayetembea usingizini na hajikwai. Mkono wake wa kushoto ulitangulia, ukagusa mgomba huu, ukaupapasa ule, na kila mgomba aliutaja kwa tabia yake: huu mvivu, huu ulipandwa na Babu yako akiwa na homa, huu una watoto wengi kuliko busara. Nilimfuata nyuma nikiwa nimebeba kikapu, mwanga ukishuka wa kijani, matone yakiniangukia kisogoni, na nikaamini kwamba tungeweza kuishi hivyo hadi mwisho wa dunia. Ile njozi ilikuwa tamu, sina haja ya kuikana.

Siku ya kuja kwa Baba Mkubwa, Bibi aliniamsha kukiwa kumeanza kupambazuka akanituma rweya, kule kwenye nyasi tambarare juu ya kijiji, nikaokote senene kabla jua halijawapasha moto wakaruka. Mgeni wa Desemba asipokula senene ataona amekuja kwa bahati mbaya. Nilikwenda na wenzangu, nyasi zikitulowesha hadi mapajani, ukungu umekaa mabondeni, na senene wa kijani na wa kahawia wameganda kwenye majani wakisubiri joto. Niliporudi na mfuko unaochakarisha, Bibi alikuwa ameshamaliza kila kitu peke yake: amekata mkungu kwa muhoro, kile kisu chake kilichopinda, amemenya, ameweka sufuria motoni na kuifunika kwa majani. Uso wake uling'aa. Nadhani alitaka siku hiyo hasa asisaidiwe na mtu. Tukakaa kunyofoa senene mbawa na miguu, yeye kwa vidole tu, akiangalia mlangoni.

Baba Mkubwa alifika na shati jeupe, viatu vya kung'aa na mkewe. Alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya ofisini. Alisalimia, akatembeza macho ukutani, sakafuni, kwenye vikombe, na mimi nilimfuata kila alipotazama. Kila kitu kilikuwa safi. Bibi alimpakulia kwanza yeye, mvuke ukapanda, akaweka na senene pembeni. Baba Mkubwa akatia tonge la ndizi mdomoni. Akaacha kutafuna. Mke wake alitia lake, akashika leso. Mimi nikaonja, na ulimi ukanikauka kama niliyelamba gome la mti. Zilikuwa embiire. Kwa asiye wa kwetu nieleze: embiire ni ndizi za pombe, zinasubiri kuiva na kukamuliwa, na hakuna anayezipika zikiwa mbichi, maana zina uchungu wa kumfukuza ng'ombe. Mtoto wa Kihaya huitofautisha embiire na ndizi ya kupika kabla hajajua kusoma. Hakuna mwanamke anayekosea. Na aliyekosea ni huyu, mbele ya huyu, siku hii.

Baba Mkubwa alimeza. Akakata tonge lingine, akalila, na lingine, polepole, bila kukunja uso. Alikula sahani nzima. Kisha akanawa na kumshukuru mpishi kwa desturi yetu: "Kasinge, Mae." Asante, mama. Sijawahi kuona mtu akila kwa heshima namna ile, na machozi yalinitoka nikasingizia moshi. Ndipo Bibi, ambaye kwa kawaida hula mwisho, alipotia lake mdomoni.

Hakulitema. Aliweka sahani chini, akajipangusa mikono kwenye khanga, na uso wake wa maringo ukalegea kama uzi uliokatwa. Akasema mkono ulimwambia. Alipoushika mgomba ule asubuhi mkono ulisita, lakini alikuwa na haraka, akaubishia. Baba Mkubwa akainama, akaongea kwa upole sana kwamba basi, waitu, mama yetu, imetosha, Buhembe chumba kipo tayari, kuna taa, atapumzika. Bibi alimsikiliza hadi mwisho. Hakulia, hakufoka.

"Mwanangu, macho yamekwenda, sikatai," alisema. "Lakini hapa nikinyoosha mkono najua nimeshika nini. Kule Buhembe nitashika nini?"

Baba Mkubwa akatazama nyasi za sakafuni, akavua viatu vyake vya kung'aa akavipanga mlangoni, akakunja suruali na kutoka. Nilimkimbilia. Nilimkuta akichuna magome makavu ya migomba na kuyasokota kamba, kazi ambayo bila shaka hakuifanya tangu utotoni, maana zilimkatikia mikononi. Akaniuliza Bibi hushika mgomba wapi. Nikamwonyesha: usawa wa kifua changu. Basi akaanza kuifunga migomba yote ya embiire, kila mmoja kamba yake, na kila alipofunga alifumba macho, akarudi nyuma, akaja akipapasa hewa hadi kamba imguse kiganjani. Ikiwa juu mno aliishusha. Mara moja alijigonga paji la uso, tukacheka, naye akacheka hadi akakaa chini. Jioni alimleta Bibi, akamshika mkono, akamzungusha. Penye kamba, usikate. Bibi alipapasa kamba ya kwanza, akasema fundo lake ni baya, linaonyesha mtu wa mjini. Akaifungua, akaifunga upya. Walikubaliana mambo mawili: atapelekwa hospitali akaangaliwe macho, na jirani mmoja atakuwa anakuja kumkatia ndizi siku za mvua. Jicho moja lilirudi kidogo, lingine halikurudi. Aliishi Rubya hadi mwisho, na amelala pale penye kivuli, pembeni ya Babu.

Ujana ni moshi, ukienda haurudi, na wa kwangu ulipita dirishani nikiwa nasahihisha madaftari ya watoto wa watu. Nimestaafu ualimu. Simu naishika mbali hadi mkono unataka kuniishia. Kuinuka kutoka kwenye kigoda nimeanza kutoa sauti ambayo sikuiagiza. Migomba ya siku hizi nayo imepungua, ugonjwa wa mnyauko umeila, na ukiingia kibanjani mwanga ni mkali kuliko ninavyoupenda. Mwezi uliopita akina mama wa jumuiya walikuja kusali kwangu nikawapa chai ya chumvi. Walikunywa kwa adabu zote, hadi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, leo umetupa supu?" Tulicheka sana, lakini binti yangu Koku, aliyekuja kunitembelea kutoka Mwanza, hakucheka. Jioni alianza: Mama, kwangu kuna chumba. Nilimjibu kwa hadithi hii, niliyomsimulia tangu akiwa mdogo hadi akawa ananimalizia sentensi. Alisikiliza huku akichezea simu yake, nikaona maneno yangu yamepita kama upepo wa ziwani. Aliondoka na basi bila kulirudia neno la Mwanza. Nilibaki na uchungu kidogo, nisiseme uongo.

Asubuhi yake niliingia jikoni kukiwa bado na giza kidogo, nikachemsha kahawa, nikanyoosha mkono kwenye rafu. Kiganja kikagusa kitu kikavu, chembamba, kimezungushwa kwenye kopo na kufungwa fundo baya la mtu wa mjini. Kamba ya mgomba. Nilisimama pale nimeishika, na kwa muda nilikuwa Rubya, nyasi chini ya miguu yangu, na mtu mwenye suruali iliyokunjwa akija amefumba macho. Kumbe mtoto alisikia. Amenitofautishia chumvi, nikajisemea, nikafungua kopo na kuonja.

Ilikuwa sukari. Ile sukari ambayo daktari amenikataza na mimi naendelea kuila nikidhani hakuna anayeona. Nilicheka peke yangu hadi miwani ikaniruka. Penye kamba, usikate. Nikafunika kopo, nikakaa mlangoni na kahawa yangu kavu, chungu kama embiire. Nikainywa yote, polepole, bila kukunja uso, kisha nikampigia Koku simu. Alipopokea nilimwambia neno moja tu: kasinge.