Bado Mbili za Kiingereza

Neno la kwanza nililogombana nalo kwa Kiingereza lilikuwa "and".

"'And' njo 'na'," alisema mwalimu wangu, msichana aliyesoma Uganda na ambaye sasa anafundisha watu wazima sebuleni kwa mama yake, huko Rugenge.

Basi nikajaribu kumwambia kwamba niko na binti. "I am and daughter."

Alicheka mpaka akashika meza. "Mama, umesema weye ni weye, tena ni binti!"

"Minye nasema niko na binti."

"Ile ni 'na' ya kuwa na kitu. Wenyewe wanasema 'have'."

"Na nikisema nakuja na mutoto?"

"Ile ni 'with'."

"Kwa hiyo 'na' yangu moja wameikata vipande tatu, na kila kipande wanakiuzisha peke yake."

"Njo vile, mama."

Nauza ndagala kavu, wale dagaa wa ziwani, sokoni Kalundu, na watu wanaokata kitu kimoja ili wakiuze kama vitatu nawafahamu. Nikavuta kiti, nikaamua kubaki.

Sikuwa nasoma ili kujionyesha. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, anaishi Amerika. Alifika kule kwa kupitia kambi ya wakimbizi, mjukuu wangu akiwa mgongoni, hajajua kutembea. Leo mjukuu huyo anasoma shule, na Kiswahili chote kimemtoka isipokuwa "bibi" na "ndagala". Siku ya Jumapili, mchana kwangu na asubuhi kwao, mama yake huwa amelala, maana usiku anafanya kazi katika nyumba ya wazee. Simu anaishika mtoto. Yeye alinionyesha meno yaliyong'oka, mimi nikamwonyesha paka wa jirani. Jumapili iliyofuata akanionyesha meno mengine, na mimi sikuwa na paka mwingine.

Nyumbani nilikuwa nimebaki peke yangu. Mpwa wangu niliyekaa naye aliolewa Katogota, na ilikubaliwa kwamba mdogo wake angekuja kuchukua nafasi yake. Kwao wakamzuia, hukohuko Katogota, kwa sababu ya kuvuna mpunga. Binti yangu alikuwa amesema waziwazi: yule msichana akifika, yeye atatulia na kungoja mwaka mwingine, asipofika, atachukua likizo yake na kuja na mtoto. Kila aliponiuliza, nilimjibu, "Niko muzuri." Muuzaji hasemi kwamba tangu asubuhi hajapata mteja. Akisema tu, wote wanaanza kumshusha. Hata mbele ya mtoto wangu mwenyewe mdomo wangu ulikuwa bado uko sokoni.

Masomo yaliendelea. Kwa muda nilimwita mjukuu wangu "he", naye akanikaripia, "She, Bibi! She!" Kwetu "yeye" haimchunguzi mtu kama ni mume au muke, inampokea jinsi alivyo. Kwa upande mwingine, "you" ilinifurahisha. Weye mmoja ni "you", ninyi wote ni "you". Hapo Waingereza walinipunguzia. Mwalimu alinifundisha pia kwamba yale maneno yanayoeleza namna na wakati hayatupwi popote. Mengine hayataki kukaa mwisho, yanataka kubanwa katikati. Na "bado"? Akanifanyia mfano: "Have you eaten?" Umekula? "Not yet." Bado. Nikaichukua, nikaiweka vizuri kichwani.

Jumapili moja mtoto hakunionyesha meno. Aliuliza polepole, kama mtu aliyetumwa, "Bibi, are you alone?"

Kila neno nililielewa. Jibu lilikuja lenyewe kwa Kiswahili: niko bado peke yangu. Nikaligeuza neno kwa neno, "bado" nikaibana katikati kama nilivyofundishwa, nikahesabu maneno mara mbili kwa vidole, halafu nikatoa: "I am not yet alone."

"Okay, Bibi!" akasema, kwa sauti ya furaha. Siku ile nilijiona msomi. Nilipika wali, nikala nikiwa nimesimama mlangoni, nikitafuta jirani wa kumwambia.

Siku ya pili ikaja kwenye simu sauti aliyorekodi binti yangu. "Mama, mutoto ameniambia hauko peke yako. Nimefurahi sana! Nilikuwa naogopa. Basi congé yangu ya kuja huko nimeiachia mwenzangu wa kazi. Tutakuja mwaka ingine."

Niliisikiliza, nikairudia. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la ndagala. Mteja akaniuliza bei, nikamtajia ileile niliyonunulia, bila kuongeza kitu. Alilipa haraka na kuondoka karibu akikimbia, akihofia akili isije ikanirudia.

Nikafunga mapema, nikapanda Rugenge.

"Ulimuambia nini hasa?" mwalimu aliuliza.

Nikamwambia. Akaweka mkono mdomoni. Safari hii hakucheka.

"Mama, umesema saa ya kuwa peke yako haijafika."

"Si weye uliniambia 'bado' ni 'not yet'?"

"Iko 'bado' ya kitu hakijafika, na iko 'bado' ya kitu hakijaisha. Ile ya pili njo 'still'."

Umri wangu wote nimetumia neno lile moja. Mtu akiniuliza kama yule msichana wa Katogota amefika, nasema bado. Akiniuliza kama naendelea kupika sufuria ndogo, nasema bado. Kwa Kiswahili, anayengoja na aliyeachwa wanajibu kitu kimoja, na mimi sijawahi kulazimishwa kusema ni yupi kati yao. Waingereza wanakulazimisha. Wanakuuliza: kitu chako kinakuja, au hakiondoki?

Mtu atasema, si ungempigia tu binti yako umweleze kwa Kiswahili? Nilijaribu, palepale sebuleni kwa watu. Nilibonyeza kurekodi, nikasema, "Sikia, mwanangu, minye niko muzuri, lakini…" Nikafuta. Nikarudia. "Niko muzuri" ikatoka tena, yenyewe, kabla sijaiita. Kwa Kiswahili mimi ni tajiri, nina njia nyingi za kuzunguka. Kwa Kiingereza nilikuwa na maneno machache tu, na hakuna hata moja la kujifichia.

"Nitengenezee sentensi," nikamwambia mwalimu.

Akaandika: "I am fine, but I am still alone."

"Hii 'but' inafanya nini?"

"Njo 'lakini'. Inapunguza ile imetangulia."

Naijua hiyo. Ni ya wanunuzi. Mama, ndagala zako ni safi kabisa, lakini. Nikamwambia aiondoe. Akaiondoa. Nikamwambia aondoe na ile "fine".

"Mama, itakuwa kavu."

"Wacha ikauke."

Jumapili ilipofika nilikaa kitandani, simu mkononi. Mtandao ulikuwa mbaya, picha ikakataa, ikabaki sauti tu. Mtoto alipoitika tu nikasema kabla sijaogopa, "I am still alone. I want you."

Nilisikia pumzi yake ndogo. "Me? Or Mommy too?"

"You" ile iliyonifurahisha kwa kubeba watu wote, leo ilibeba wote na haikumtaja yeyote. Nikaitafuta ya wengi, nikakumbuka haipo.

"You and you," nikasema.

Nikasikia miguu ikikimbia, mlango, halafu sauti yenye usingizi. "Mama? Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Huyu anasema uko peke yako. Yule mutoto wa Katogota hakufika?"

"Hakufika."

"Na weye ukasema hauko peke yako! Mama, nilimutuma akuulize kwa Kiingereza sababu kwa Kiswahili unanizungushaka."

"Kwa Kiingereza nilijizungusha mwenyewe."

Hakucheka. "Sema sasa. Kwa Kiswahili. Nasikiliza."

Nilitazama mlango, nilitazama mkeka wa mpwa wangu uliokunjwa pembeni. Nikasema, "Niko peke yangu. Naona vibaya moyoni. Mukuje."

Nikaondoa simu sikioni kuangalia kama imekatika. Haikuwa imekatika. Alikuwa analia na hakutaka nisikie, kama mimi ambavyo ningefanya. Mwishowe akasema ataomba tena kazini, lakini nisijenge matumaini, maana siku zake zimeshaandikiwa mtu mwingine.

Siku chache baadaye akapiga mwenyewe. "Mama, wamenipa juma moja."

"Moja? Njia tu itakula nusu. Ongeza."

"Mama, hii si soko."

"Ongeza kidogo, mteja wangu."

Alicheka, nikamsikia akicheka kweli, halafu akasema hawezi, siku ni zile tu. Nikakubali. Nilikubali haraka kuliko nilivyowahi kukubali bei yoyote Kalundu.

Kesho yake nikapanda Rugenge. Mwalimu alitaka kunifundisha namna ya kumkaribisha mgeni. Nikamwambia kumkaribisha nitaweza hata bila maneno. Anifundishe ya siku ya mwisho, ya kumzuia mtoto mlangoni, sanduku likiwa tayari nje.

Akafikiri, akaandika: "Please stay a little."

"Hii 'a little' ni nini?"

"Kidogo."

"Iondoe," nikamwambia.